Kubaki Chuo Kimoja Hadi Uzamivu: Ushahidi Unaotumika Ni wa Kesi Nyingine

Tangu mapema mwaka 2025 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vimepunguza nafasi za masomo ya uzamivu, na kuna vilivyofikia hatua ya kufuta nafasi ambazo waombaji walikwisha kuahidiwa, baada ya fedha za utafiti kutoka serikalini kuyumba. Viza za wanafunzi nazo zimeingia mashakani. Nchini India, kanuni za uzamivu zilizotolewa mwaka 2022 zinamruhusu mwenye shahada ya kwanza ya miaka minne, akiwa na alama zisizopungua asilimia 75, kuanza uzamivu bila kupitia uzamili. Mambo haya hayakupangwa pamoja, lakini yanasukuma upande mmoja: mwanafunzi hodari anayemaliza shahada ya kwanza leo ana sababu nyingi zaidi za kubaki palepale alipo kuliko waliomtangulia. Akibaki, hukumu inamngoja. Ataambiwa ameogopa dunia, ataambiwa hakuna kwingine alikokubaliwa, na wachambuzi wataandika kwamba vyuo vinaanza kujizalisha na ubora wa utafiti utaporomoka.

Nadhani hukumu hiyo imekosea mahali pa msingi kabisa. Ushahidi mzito tulionao dhidi ya vyuo kujizalisha unahusu ajira, yaani chuo kumwajiri kama mhadhiri mtu aliyepata uzamivu wake hapohapo. Mwanafunzi anayetoka shahada ya kwanza kwenda uzamivu ndani ya chuo kimoja yuko katika hatua nyingine ya safari, na takwimu zinazotumika kumtisha hazikupimwa kwake. Kinachomdumaza mtafiti chipukizi ni kukaa miaka kumi chini ya macho yaleyale: msimamizi yuleyule, maswali yaleyale, watahini walewale. Jina moja kwenye vyeti viwili haliwezi kutuambia kama hilo limetokea au la. Na pale linapotokea, mwenye dhamana kubwa zaidi ni chuo, kwa sababu ndicho kinachopanga nani amsimamie nani na nani amtahini.

Ushauri wa kuhama ni mkongwe kuliko vyuo vikuu vya sasa. Wanazuoni wa hadithi za Mtume katika karne za mwanzo za Uislamu walisafiri mwendo mrefu ili wasikie riwaya moja kutoka kinywani mwa aliyeipokea, maana elimu ilipewa uzito na mlolongo wa watu waliopokezana. Katika Ujerumani ya karne ya 19, mwanafunzi kusoma mihula kadhaa hapa na mingine kule lilikuwa jambo la kawaida. Wamarekani waliotaka kujifunza utafiti walivuka Atlantiki kuwafuata Wajerumani, kwa kuwa kwao uzamivu ulikuwa bado mchanga: Yale ilitoa shahada za kwanza za aina hiyo mwaka 1861, na Johns Hopkins, iliyoiga mfumo wa Kijerumani, ilifunguliwa mwaka 1876. Uingereza ilichelewa zaidi, na Oxford ilianzisha uzamivu mwaka 1917. Katika mazingira hayo kuhama hakukuwa kipimo cha ujasiri wa mtu. Mtu alikwenda aliko mwalimu, kwa sababu alikotoka mwalimu huyo hakuwepo.

Onyo dhidi ya vyuo kujizalisha lilizaliwa na wasiwasi tofauti. Charles Eliot, aliyeiongoza Harvard kwa miaka 40 hadi mwaka 1909, alionya juu ya hatari ya chuo kuwachukua wahitimu wake na kuwafanya walimu wake. Alichokiogopa ni idara ambayo kila mtu amefundishwa na aliyeketi chumba cha jirani, hivyo hakuna wa kumuuliza mwenzake kwa nini jambo fulani hufanywa hivyo. Wajerumani waliuchukua wasiwasi huo wakaufanya kanuni, na inafaa kutazama mahali walipouweka ukuta wao. Sheria yao ya vyuo vikuu ilipoanzisha cheo cha profesa mdogo mwaka 2002, iliweka sharti kwamba mwenye cheo hicho anaweza kufikiriwa kuwa profesa kamili katika chuo chake ikiwa tu alihama baada ya uzamivu, au alifanya kazi ya kisayansi nje ya chuo hicho kwa miaka isiyopungua miwili. Ukuta umesimamishwa kwenye lango la uprofesa. Mwanafunzi aliyesoma shahada ya kwanza na uzamivu mahali pamoja haukumgusa, kwa sharti kwamba atatoka kabla ya kudai kiti.

Sasa tuje kwenye takwimu. Utafiti unaonukuliwa sana ni wa Hugo Horta, Francisco Veloso na Rocío Grediaga, uliochapishwa mwaka 2010 kwa kutumia takwimu za wanataaluma wa Mexico. Waligundua kwamba wahadhiri walioajiriwa na chuo kilichowapa shahada huchapisha makala zilizopitiwa na wataalamu pungufu kwa wastani wa asilimia 15 ukilinganisha na wenzao waliotoka kwingine, na kwamba uwezekano wao wa kubadilishana taarifa muhimu za kazi yao na wenzao wa nje uko chini kwa takribani asilimia 40. Hizo si tofauti ndogo, na anayetaka kutetea ajira za ndani ana kazi ngumu mbele yake. Lakini soma tena kilichopimwa: ni wahadhiri, watu waliomaliza kusoma, wanaopokea mshahara kutoka chuo kilichowafunza. Tafiti zilizofuata ziliwatenganisha waliobaki moja kwa moja na wale walioondoka, wakafanya kazi kwingine, kisha wakarudi, na kundi la pili halionekani kubeba doa lilelile. Maana yake ni kwamba kinacholeta tofauti ni yale ambayo mtu ameyapitia katikati. Mwanafunzi wa miaka 23 bado ana katikati yake yote mbele: miaka ya uzamivu, kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu, ajira ya kwanza.

Marekani inatupa picha nyingine. Uchambuzi mkubwa wa wahadhiri wa nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba takriban asilimia 9 tu kati yao wanafanya kazi katika chuo kilichowapa uzamivu. Utamaduni wa kutoajiri wa ndani umeota mizizi huko kiasi kwamba kubaki wakati wa masomo hakuwezi peke yake kukifanya chuo kijizalishe. Mwenye vyeti viwili vya chuo kimoja, akitafuta kazi, karibu kila mara atalazimika kwenda kwingine. Ukiwa katika nchi ambayo ajira za ndani ni desturi, hesabu inabadilika, kwa sababu uamuzi wa kubaki ukiwa na miaka 22 unaweza kuwa uamuzi wa kubaki hadi kustaafu. Hapo tatizo linalohitaji dawa ni ajira, na dawa hiyo iko mikononi mwa wanaotangaza nafasi na kuketi kwenye usaili.

Sitaki kuipunguza hoja ya kuhama, kwa sababu kwa upande wake wenye nguvu ni hoja nzuri sana. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na sayansi imewapa haki kwa namna ambayo wengi hawaifahamu. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Uingereza, Harry Collins, alichapisha utafiti juu ya maabara zilizokuwa zikijaribu kuunda leza ya aina inayoitwa TEA. Maelezo ya kifaa hicho yalikuwa yamechapishwa, na waliojaribu walikuwa wataalamu. Hata hivyo, Collins hakukuta maabara hata moja iliyofanikiwa kwa kutegemea maandishi peke yake. Walioweza ni wale waliokutana na mtu aliyekwisha kuiunda, wakamtembelea, wakampigia simu, au wakamchukua akae nao. Sehemu fulani ya ujuzi ilikuwa mikononi na machoni mwa watu, na waliokuwa nayo wenyewe hawakujua kwamba wanayo, hivyo hawakuweza kuiandika. Hoja hii haijachakaa hata katika zama za mikutano ya mtandaoni. Mwanafunzi aliyejifunza ufundi wa maabara moja tu amejifunza pia upofu wake, na upofu huo hauonekani mpaka asimame mahali ambapo watu wanafanya vingine na mambo yanakwenda.

Richard Feynman, mwanafizikia mashuhuri wa Marekani, ndiye mfano unaotajwa mara nyingi. Alisoma shahada ya kwanza MIT, akamaliza mwaka 1939, na alitaka kuendelea hapohapo kwa kuwa hakuona chuo kingine kilichokizidi. John Slater, aliyekuwa mkuu wa idara ya fizikia, alimkatalia na kumtaka aende kuona dunia ikoje. Feynman akaenda Princeton, akapata uzamivu mwaka 1942, na baadaye alisema wazi kwamba Slater alikuwa sahihi, na kwamba yeye mwenyewe huwapa wanafunzi wake ushauri uleule. Ushuhuda wa mtu wa kiwango hicho haupuuzwi. Lakini tukiuliza ni nini hasa Feynman alikipata Princeton, jibu lina jina la mtu. Alimkuta John Wheeler, profesa kijana aliyemzidi miaka saba tu, mwenye maswali ya ajabu juu ya chembe na mawimbi ambayo hayakuwa yakiulizwa alikotoka. Kilichomjenga ni kukutana na akili iliyomsukuma upande asioujua. Mlima aliouvuka kwenda kuikuta akili hiyo ulikuwa njia tu, na ndiyo maana inabidi tujiulize kama kuna njia nyingine za kufika.

Frederick Sanger, mwanabiokemia wa Uingereza, anajibu kwamba zipo. Alisoma shahada ya kwanza Cambridge, akamaliza mwaka 1939. Akafanya uzamivu Cambridge, akaumaliza mwaka 1943 kwa kazi juu ya umetaboli wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Kisha akabaki Cambridge maisha yake yote ya kazi. Kwa kipimo cha vyeti huyu ndiye mfano mbaya kupita wote. Naye ndiye mtu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mara mbili, mwaka 1958 kwa kuufumbua mpangilio wa insulini, na mwaka 1980 kwa mbinu za kusoma mpangilio wa DNA. Jina moja la mtu mkubwa halithibitishi kanuni, kwa sababu hatuwaoni wale waliobaki na wakapotea. Ninachomtumia Sanger ni kuonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Mwaka uleule alipomaliza uzamivu, Albert Chibnall alihama kutoka Imperial College ya London kuja kushika kiti cha biokemia Cambridge, akaja na watu wake na shauku yake ya protini. Chibnall ndiye aliyempa Sanger swali la insulini. Hivi ndivyo inavyokuwa mgeni njoo, mwenyeji apone: Sanger hakuhama, lakini idara yake ilimwingiza mtu aliyekuwa na swali jipya. Miaka 19 baadaye ikawa vivyo hivyo. Mwaka 1962 alihamia maabara mpya ya biolojia ya molekuli katika mji huohuo, akajikuta jirani na Max Perutz, Francis Crick na wenzao, na mwenyewe alieleza kwamba ukiwa karibu na watu kama Crick huwezi kuendelea kuzipuuza asidi za nyuklia, yaani DNA na RNA. Tuzo ya pili ilitokana na ujirani huo. Chuo kilikuwa kimoja miaka yote, lakini watu waliomzunguka hawakuwa walewale, na hilo halikutokea kwa bahati yake binafsi. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua kumleta Chibnall badala ya kumpandisha wa ndani, na wakaamua kujenga maabara inayokusanya wakemia, wanafizikia na wanabiolojia chini ya paa moja.

Ndiyo sababu hoja dhaifu kuliko zote, ile inayosikika kwa sauti kubwa, inanikera. Ni hoja kwamba kubaki ni alama ya uoga au ya kukosa kukubalika kwingine. Nimewahi kumsikia mjumbe wa kamati ya udahili akiliweka faili pembeni kwa sababu hiyo tu, kabla ya kusoma tasnifu iliyoambatanishwa. Hoja hiyo inachukulia kwamba kila aliyebaki alikuwa na mlango mwingine wazi na nauli ya kuufikia. Marie Curie alipata shahada zake za Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, mwaka 1893 na 1894, kisha akarudi Poland akitumaini kufanya kazi nchini kwake. Chuo kikuu cha Kraków hakikumpa nafasi kwa kuwa ni mwanamke. Akarudi Paris, na mwaka 1903 akapata udaktari katika chuo kilekile alichosomea shahada ya kwanza. Ukisoma vyeti vyake bila kujua habari hiyo, utasema huyu hakuwa na hamu ya kutoka, ilhali alikuwa amekwisha kuhama nchi mara moja na kujaribu kuhama mara ya pili. Vyeti havionyeshi milango iliyofungwa. Havionyeshi mzazi mgonjwa, mtoto anayenyonya, mwenzi mwenye kazi mahali pamoja, ada ya maombi isiyolipika wala viza iliyokataliwa bila maelezo. Anayekifanya kuhama kuwa kipimo cha kipaji, bila kujijua, anapima mambo hayo yote na kuyaita kipaji.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, na waathirika wake ni wengi kwa kuwa inasemwa kwa upole. Inasema kubaki kunaokoa muda: unaijua maabara, unajua mitambo, msimamizi anakufahamu, utaanza kazi siku ya kwanza na kumaliza mapema. Kuna ukweli ndani yake. Mwezi wa kwanza wa mgeni huishia kwenye fomu, funguo na kutafuta nani wa kumuuliza nini. Lakini angalia ni nani anayeitoa hoja hiyo mara nyingi. Ni msimamizi wa mradi wa mwaka wa mwisho, ambaye amepata mwanafunzi mwepesi, mtiifu, anayejua kuendesha kifaa fulani, na ingemgharimu miaka miwili kumpata mwingine wa namna hiyo. Faida ya haraka ni yake. Kwa mwanafunzi, kasi hiyo ya mwanzo inaweza kuwa ndiyo mtego, kwa sababu tasnifu ya uzamivu inageuka kuwa mradi wa mwaka wa nne uliorefushwa, swali lake likiwa lile alilopewa akiwa na miaka 21, kabla hajajua kwamba maswali huchaguliwa. Anamaliza akiwa fundi hodari wa programu ya utafiti ya mtu mwingine. Siku anapoulizwa kwenye usaili wa kazi ni kitu gani anakijua ambacho msimamizi wake hakijui, anakosa la kusema. Kwa hiyo ningependa tofauti hii ichorwe kwa wino mzito: kubaki chuoni ni jambo moja, na kubaki chini ya msimamizi yuleyule ni jambo lingine. La pili ndilo linalostahili tahadhari iliyoelekezwa kwa la kwanza. Chuo kikubwa kina idara zenye mitazamo inayopingana, na mwanafunzi anayetoka kundi moja kwenda lingine ng'ambo ya uwanja anaweza kubadilika kuliko aliyesafiri kwenda kwa mtu aliyefundishwa na rafiki wa msimamizi wake wa zamani.

Jambo hilo la marafiki linatupeleka kwenye sehemu isiyopendwa kusemwa. Mjadala wa kubaki au kuhama hufanywa kana kwamba vyuo vyote viko kwenye uwanda mmoja, na haviko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu ajira za wahadhiri wa Amerika Kaskazini katika sayansi ya kompyuta, biashara na historia ulionyesha kwamba robo ya vyuo ndiyo inayotoa kati ya asilimia 71 na 86 ya wahadhiri wa ngazi ya kudumu. Ule wa 2022 nilioutaja, uliozihusu taaluma zote, ulikuta kwamba asilimia 80 ya wahadhiri waliosomea uzamivu Marekani walitoka kwenye kama asilimia 20 ya vyuo, na kwamba vyuo vitano tu, Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin-Madison na Stanford, vilimtoa mmoja katika kila wanane. Kutokana na hapo mambo mawili yanafuata, na yanavutana. La kwanza ni kwamba anayetoka chuo kimoja cha kileleni kwenda kingine cha kileleni amebadili mji, lakini anawakuta watu waliosomeshwa na watu walewale, wanaosoma majarida yaleyale na kualikana kwenye mikutano ileile. Kuhama kwake kunahesabiwa kuwa upana wa mawazo, na huenda upana huo ni mdogo. La pili ni gumu zaidi kwa hoja yangu, na sitalikwepa. Mwanafunzi hodari wa chuo kisicho na jina, akibaki, anafunga milango ambayo huenda isifunguke tena, haijalishi tasnifu yake ni nzuri kiasi gani, kwa kuwa jina la chuo cha uzamivu lina uzito mkubwa katika ajira za kitaaluma. Kwake ushauri wa kuhama ni sahihi kama anataka uhadhiri, na asidanganywe na mtu yeyote anayemwambia kwamba kazi nzuri hujitangaza. Lakini tuseme sababu yenyewe kwa jina lake. Anashauriwa kuhama kwa kuwa soko la ajira linasoma majina kabla ya kusoma kazi, na huo ni udhaifu wa soko. Kuufunika kwa maneno ya kupanua mawazo kunamfanya aliyeshindwa kuhama aamini kwamba akili yake imebaki finyu, wakati kilichopungua ni muhuri.

Yapo pia mambo ambayo mjadala huu unayapitia juu juu, ingawa yana uzito katika maisha ya mtafiti. Barua za pendekezo ni mfano. Mtu aliyesoma mahali pamoja mara nyingi huwa na barua tatu kutoka korido moja, zimeandikwa na watu wanaokunywa chai pamoja na waliokwisha kukubaliana juu yake. Msomaji wa nje anaona sauti moja iliyorudiwa. Hili linatibika bila kuhama, kwa kuandika makala na mtu wa chuo kingine au kukaa miezi kadhaa kwenye maabara yake, lakini halitibiki lenyewe, na wanafunzi wengi huligundua wakati wameshaanza kuomba kazi.

Ikiwa hoja yangu ina ukweli, basi wa kusumbuliwa kwanza ni vyuo. Chuo kinachompokea mhitimu wake kwa uzamivu kingepaswa kumzuia kuwa na msimamizi mkuu aliyemsimamia mradi wa shahada ya kwanza, isipokuwa pawe na msimamizi wa pili kutoka taasisi nyingine mwenye sauti ya kweli katika maamuzi, anayesoma rasimu na anayeweza kusema hapana. Kingepaswa kumpa mwanafunzi huyo muhula au mwaka kwingine kama sehemu ya masomo yenyewe, uliotengewa fedha tangu siku ya udahili, usiwe zawadi ya wachache watakaojua kuomba. Fedha hizo zihesabu mtoto na mwenzi, la sivyo watakaosafiri watakuwa walewale ambao wangehama hata bila msaada. Mtahini wa nje, ambaye mfumo wa Uingereza umemfanya sharti la uzamivu, asiteuliwe na msimamizi kutoka orodha ya marafiki zake. Vyuo vingi huacha uteuzi huo kwa msimamizi na kuupigia muhuri, na hapo ulinzi wa mwisho dhidi ya macho yaleyale unabaki jina tu. Kwenye ajira, ambako ushahidi umesimama imara, sharti la Kijerumani la miaka miwili nje ni kali lakini lina mantiki: halimfukuzi mtu moja kwa moja, linamtaka arudi akiwa ameona kingine.

Kamati zinazosoma maombi ya ufadhili na kazi nazo zina la kufanya leo, bila kusubiri sheria yoyote. Zinapokuta chuo kimoja kwenye mistari miwili ya wasifu, ziulize maswali ambayo majibu yake yapo: nani alisimamia kila hatua, swali la tasnifu lilitoka wapi, nani wa nje aliitahini, mwombaji ameandika na nani, na amewahi kupingana na msimamizi wake kwa maandishi na kuwa sahihi. Maswali hayohayo yaulizwe kwa aliyehama. Wapo waliovuka bahari na kutua kwenye maabara pacha ya ile waliyoiacha, na wapo wasiotoka nje ya lango moja lakini wakasomeshwa na watu watano wasiokubaliana juu ya jambo lolote. Faili hulitaja hilo kwa anayelisoma hadi ukurasa wa tatu.